Ukienda Hřensko, Anza na Kijiji Kabla ya Kupanda Kwenye Tao

Mara ya kwanza nilipofika Hřensko, kijiji kidogo cha Jamhuri ya Cheki kinachopakana na Ujerumani, nilikipita bila kukitazama. Nilishuka kwenye kivuko saa tano asubuhi, nikafuata msururu wa watu waliokuwa wakienda kuona tao maarufu la mawe, nikapanda, nikapiga picha, na niliporudi jioni nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuona chochote isipokuwa vibanda vya biashara kandokando ya barabara. Nimerudi huko mara tatu tangu wakati huo, na kila mwenzetu anayeishi au anayesoma upande wa Dresden, huko Ujerumani, anaponiuliza namna ya kuitumia siku yake, humsihi akipe kijiji chenyewe saa mbili za kwanza, kwa kuwa bila kukijua kijiji hataelewa kwa nini njia za huko juu zilichongwa wala ni nani aliyezichonga.

Ukishuka kwenye kivuko, simama kwanza ukingoni uutazame mto Labe, ambao Wajerumani huuita Elbe. Kwa kipande kifupi hapo mto wenyewe ndio mpaka: ulikotoka ni Ujerumani na uliposimama ni Cheki. Mto unapotoka nje ya nchi, karibu na kijiji, ndipo mahali pa chini kuliko pote katika Jamhuri ya Cheki, mita 115 tu juu ya usawa wa bahari. Hapohapo kijijini mto mdogo wa Kamenice unaingia katika Labe, ukipita katikati ya nyumba zilizobanwa kati ya maji na kuta za miamba, kiasi kwamba baadhi ya nyumba zinaonekana kama zimeegemea jabali.

Makutano hayo ya mito ndiyo yaliyokizaa kijiji. Magogo yaliyokatwa katika misitu ya bara yaliteremshwa kwa maji ya Kamenice, yakafungwa pamoja kuwa vyelezo, kisha yakaelea kwenye Labe kuelekea miji ya Saksonia, jimbo la Ujerumani linalopakana na hapa, na mbele zaidi. Waendesha vyelezo walihitaji chakula na mahali pa kulala, na jina la kale la Kijerumani la kijiji, Herrnskretschen, linaikumbuka nyumba iliyowapokea, yaani kilabu cha bwana mwenye ardhi. Neno Kretscham, lililomo ndani ya jina hilo, Wajerumani walilipata kutoka kwa majirani zao Waslavi, ambao kilabu hukiita krčma. Mimi hulipenda sana jambo hili, kwamba neno lilivuka mpaka na kuzoeleka ng'ambo kama vile magogo yalivyovuka.

Ingia pia kanisani, au angalau simama mlangoni. Kanisa hilo la karne ya 18 limewekwa chini ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetoswa katika mto Vltava mjini Prague mwaka 1393, na ambaye Wakatoliki wa Ulaya ya Kati humwomba awakinge na mafuriko. Vltava humwaga maji yake katika Labe, kwa hiyo maji yapitayo Prague hupita pia mbele ya kijiji hiki, na mafuriko makubwa ya Agosti 2002 yaliifikia miji na vijiji vingi vya bonde hili. Mtakatifu huyo hakuchaguliwa hapa kwa kubahatisha.

Kuna historia nyingine ambayo hutaiona ukutani lakini inakupasa kuijua. Hadi Vita Kuu ya Pili wakazi wengi wa ukanda huu walizungumza Kijerumani. Mwaka 1938, baada ya Mkataba wa Munich, eneo lote lilichukuliwa na Ujerumani, na vita vilipokwisha mwaka 1945 wakazi hao walifukuzwa na nyumba zao zikapewa watu waliotoka kwingine. Leo wakazi wa kudumu hawafiki 300, na wafanyabiashara wengi utakaowaona kwenye vibanda wana asili ya Vietnam, kwani jamii yao ina mizizi ya miongo mingi nchini Cheki. Wasalimie. Mmoja wao alinieleza njia ya kwenda kanisani kwa upole ambao sikuupata kwenye ramani yoyote.

Sasa unaweza kupanda. Tao hilo, Pravčická brána, ndilo tao la asili la mawe ya mchanga lililo kubwa kuliko yote barani Ulaya: upana wake chini ni mita 26.5 na uwazi wake una kimo cha mita 16. Kando yake, mwaka 1881, ukoo wa Clary-Aldringen uliomiliki misitu hii ulijenga jumba la wageni liitwalo Sokolí hnízdo, maana yake kiota cha kozi, kwa kuwa biashara ya utalii ilikuwa imeanza kuleta fedha pembeni ya ile ya magogo. Juu ya tao hairuhusiwi kutembea tangu miaka ya 1980, na ukitaka kujua sababu, weka kiganja kwenye mwamba wowote ulio kando ya njia halali. Utakapokiondoa utakuta chembe za mchanga zimekushika mkononi, nyeupe na kavu, kama ulivyoshika ukuta wa nyumba usiopigwa lipu vizuri. Jiwe linalomomonyoka kwa kuguswa tu halikuweza kuvumilia maelfu ya viatu. Ndiyo maana nakuomba usikatize njia hata pale unapoona wengine wamekatiza.

Ukoo huohuo ndio uliofungua korongo la Kamenice kwa wageni mwaka 1890. Njia na mahandaki yalichongwa katika mwamba, na pale ambapo hapakuwa na nafasi ya mguu, wageni walipandishwa mashua bapa. Nilibahatika kupanda mashua hizo kabla ya mwaka 2022. Mwendeshaji husimama na kusukuma kwa pondo ndefu, kama wafanyavyo wenzetu wa mitumbwi kwenye maji ya kina kifupi, na kati ya kuta zile husikii kingine ila pondo ikigusa jiwe na matone yakidondoka kwenye kuvu la kijani.

Julai 24, 2022 moto ulizuka katika hifadhi ya taifa ya České Švýcarsko inayokizunguka kijiji, ukateketeza zaidi ya hekta 1,000 na kuchoma nyumba kadhaa katika kitongoji cha Mezná, na watu wa Hřensko wakahamishwa. Misonobari mingi ilikuwa imekwisha kuuawa na wadudu walao ndani ya magome, nayo ilibaki imesimama mikavu. Baada ya moto, korongo na njia kadhaa zilifungwa kwa sababu miti iliyokufa huanguka bila kutoa ishara. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, soma matangazo ya hifadhi uone njia zipi ziko wazi siku hiyo, wala usitegemee picha za zamani. Nilipopita sehemu iliyoungua nilikuta miche ya mibetula imekwisha kuota kati ya magogo meusi, mingine ikinifika kiunoni.

Kwa mengine, nasema kwa ufupi. Beba pasipoti na kibali chako cha ukaazi, maana ingawa Cheki imo tangu Desemba 2007 katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, polisi wa Ujerumani hukagua wasafiri mpakani. Badilisha fedha upate koruna taslimu kwa ajili ya kiingilio cha tao. Vaa viatu vyenye meno, kwani mwamba uliolowa huteleza vibaya. Nilikwenda na raba zilizosagika nikaumia kifundo cha mguu. Na kabla hujaanza kupanda, uliza kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi, kwa sababu stesheni ya Schöna, yenye treni za kurudi Dresden, iko ng'ambo ya pili ya mto.