Ukali au tahadhari katika poka?

Ndugu yangu wa Nkuhungu,

Umeuliza ufuate kipi kati ya vitabu vyako viwili vya poka: kinachohimiza kuongeza dau kila mara, au kinachokutaka utupe karata karibu zote hadi upate jozi kubwa.

Kwa kanuni, naegemea ukali. Anayeongeza dau ana njia mbili za kushinda, yaani mpinzani kutupa karata au yeye mwenyewe kuwa na karata bora, ilhali anayefuata tu dau la mwenzake amebakiwa na njia moja. Chukua mchezaji mwenye kopa nne, akihesabu karata zake mbili na tatu za mezani zilizofunuliwa, anayesubiri ya tano kwa kuwa kopa tano ni karata zenye nguvu: kati ya karata 47 asizoziona, kopa ni 9, hivyo uwezekano wa kupata ya tano katika karata mbili zilizobaki ni takriban asilimia 35. Akisubiri tu, mara nyingi atashindwa. Akiongeza dau, kila mpinzani anapokimbia yeye huchukua fungu lote la madau yaliyo mezani bila kuihitaji hiyo kopa.

Lakini umesema mnacheza kwa karanga, na wenzako hawatupi karata kamwe. Hapo vitisho, yaani kuongeza dau bila karata nzuri, havina kazi kabisa, kwa kuwa dau la kutishia lililo sawa na fungu la mezani hulipa tu ikiwa mpinzani atakimbia zaidi ya nusu ya mara. Kwenye meza yenu, chagua karata za kuanzia kwa tahadhari ya kitabu cha pili, kisha ukipata nzuri weka dau kubwa bila kusita, maana watakufuata.