Anko wa Mtaa anajibu: mtaro tumezibua, mbona umejaa tena?

Mwezi huu meseji zenu nyingi ni za mitaro, michango na taka, nadhani mvua zimewakumbusha. Nimechukua chache zinazofanana na za wengine, ambaye hajaona yake asinune, asome za wenzake.

Shikamoo Anko. Naishi Mbagala, kila masika maji yanaingia mpaka sebuleni. Mwaka huu tukajichangisha buku mbili mbili kila kaya, tukanunua machepe na viroba, Jumamosi moja tukazibua mtaro wote, watu walijitokeza mpaka wazee, pilau ikapikwa. Mvua ya pili tu mtaro umejaa mchanga kama hatujagusa kitu. Sasa kuna watu wananidai hela yao mimi niliyewahamasisha. Nimechoka kwa kweli. Nifanyeje? (Mama wa Mbagala)

Marahaba mama, pole na hongera kwa pamoja, maana kuwatoa watu kitandani Jumamosi asubuhi Dar hii sio kazi ndogo.

Naomba nikuulize swali moja kwanza, yale matope mliyoyatoa mliyaweka wapi? Kama mlifanya kama mitaa mingi inavyofanya basi mliyarundika pembeni ya mtaro hapo hapo, mkasema kesho litakuja gari, gari halikuja, mvua ya kwanza ikaanza kuyashusha na ya pili ikayarudisha yote ndani. Hapo ndo kazi yenu ilipopotelea na wala sio uvivu wa mtu. Siku nyingine kabla hata chepe halijagusa tope, kirikuu au guta la kubebea liwe lishalipiwa na lipo pale limepaki, na kama hela haitoshi gari basi zibueni kipande kifupi ambacho matope yake mnaweza kuyabeba kwa toroli mkayatumia kujaza mashimo ya njia ya juu kule maji hayafiki. Bora mita hamsini zilizoisha kabisa kuliko mtaro mzima ulobaki na vichuguu pembeni.

La pili, mchanga unatoka wapi? Usiangalie mtaro wako tu, chukua watu wawili watatu mpande nao mpaka unapoanzia halafu mshuke nao mpaka unapomwaga, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, mtalowana lakini mtaona vitu ambavyo hamvioni jua likiwaka. Mtaona barabara ya vumbi ya juu inayomwaga mchanga wote kwenu, mtaona ukuta wa jirani ulioubana mtaro ukabaki upana wa ndoo, na samahani kwa kusema, mtaona pia wanaosubiri mvua watapishe vyoo. Na mtafika kwenye kalavati. Mara nyingi kalavati ndo kila kitu, nyie mnazibua juu wakati bomba chini ya barabara limeziba nusu, maji yanasimama, yakisimama mchanga unatua, ndo huo mnaouona. Kalavati la barabara ya TARURA, yaani wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, msilivunje wenyewe hata kama mna fundi mzuri, andikeni barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa, na picha zenye tarehe, na majina ya kaya zinazoingia maji, halafu mtu mmoja apewe kazi ya kuifuatilia mpaka ofisi ya wilaya, maana barua isiyofuatiliwa inalala. Na wale wa mtaa wa chini muongee nao mapema, mkizibua nyie peke yenu mnawapelekea wao mafuriko halafu uadui unaanza.

Hii ya kutembea na maji sijaitunga. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa chuo na wakazi wa kata zinazofurika hapa Dar, wakachora mitaro, njia na nyumba kwenye ramani ya wazi ya intaneti, na mkazi ndo alikuwa anaonyesha maji yalifika wapi. Na nyuma zaidi, miaka ya 90, Hanna Nassif pale Kinondoni, bondeni jirani na Msimbazi, wakazi walijenga mitaro na barabara za ndani kwa mikono yao kupitia jumuiya yao, Shirika la Kazi Duniani likisaidia utaalamu na wafadhili wakitoa hela. Kitu ninachokipenda kwenye ile stori ni kwamba jumuiya yao ilipewa kazi kwa mkataba, na waliochimba walilipwa, sio kila kitu kilikuwa cha kujitolea. Watu wetu tunapenda sana neno kujitolea hasa tukiwa tunawaambia wengine.

Sasa mtaro ukishakaa sawa, ugaweni. Kila nyumba na kipande chake cha mbele, wajue wanaanzia wapi wanaishia wapi, piga rangi kabisa ukutani, na kila wiki mtu anatoa mchanga wa debe moja kwake, hakuna haja ya pilau. Ile siku kubwa ya watu wote ibaki mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, mkisubiri mvua ianze mmeshachelewa.

Wanaodai buku mbili zao, itisha kikao, soma risiti za machepe, viroba na pilau, onyesha machepe yapo na yanatunzwa kwa nani, halafu uwaambie wazi kilichoshindikana ni usafirishaji wa matope na bei yake ni hii. Hela usirudishe, ilishatumika. Ila usikubali tena kuwa wewe peke yako ndo mwenye mradi, chagueni kamati hata ya watu watano.

Anko mambo vipi. Mtaa wetu tuna grupu la WhatsApp la maendeleo, tunachangia taa za njia na mlinzi. Hela inaenda kwenye namba ya mweka hazina ya kwake binafsi, tukituma tunajibiwa "imepokelewa, Mungu akubariki", basi. Mwezi wa nne sasa taa ni mbili. Nikauliza nikaambiwa naleta uchonganishi, admini akaniremuvu. (Mdau, Tabata)

Poa. Yaani wewe umetolewa kwenye grupu ila haujatolewa kwenye mtaa, na hilo wengi wanasahau.

Simtuhumu mweka hazina wenu, inawezekana kabisa hela ipo au taa zimepanda bei au nusu ya watu wanaandika "nimetuma" na hawajatuma, hiyo ipo sana. Shida ni kwamba hakuna njia ya nyie kujua na hakuna njia ya yeye kujitetea. Siku akiugua au simu ikiibiwa mtafanyaje? Hela ya mtaa haitakiwi ikae kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mchungaji au shehe. Kuna akaunti za vikundi za kwenye simu, M-Koba ni mojawapo, kutoa hela kunahitaji idhini ya viongozi wengine wa kikundi na wanachama wanaona kinachoendelea, na benki nazo zina akaunti za vikundi zenye sahihi zaidi ya moja. Na mkianza kukopeshana hiyo hela hapo mmeshakuwa kikoba, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka msajiliwe, muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Halafu kuna dawa ya zamani inafanya kazi kuliko grupu lolote. Karatasi moja A4, mwandiko wa kusomeka, kila mwisho wa mwezi: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani kwa ajili ya nini, kimebaki kiasi gani. Ibandikwe dukani kwa Mangi pale kwenye nondo za dirisha ambapo kila mtu anasimama akisubiri chenji yake. WhatsApp meseji ya hesabu inazikwa na "asubuhi njema wapendwa" ndani ya dakika kumi, ila kwa Mangi kila mtu ataisoma, mpaka watoto waliotumwa sukari, na akiisoma fundi aliyeuza taa akaona bei iliyoandikwa sio aliyouza, hahaha, utasikia.

Wewe sasa nenda kwa mweka hazina ana kwa ana, jioni, kwa heshima, usiende na watu sita. Mwambie tunaomba hesabu ziandikwe, mimi niko tayari kusaidia kuandika. Akikataa, mpelekee suala mwenyekiti wa mtaa aliweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Nasema mwenyekiti wa mtaa sio balozi wa nyumba kumi, balozi ni cheo cha chama ingawa wote tunamkimbilia tukigombana na jirani. Na mpaka hesabu zisomwe mchango wako ukae mfukoni, ila mlinzi mlipe moja kwa moja mkononi na akusainie, yeye hana kosa.

Habari Anko, mimi mpangaji Mbezi, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Kwanini nichangie kujaza kifusi njia wakati nyumba sio yangu, na mwenye nyumba anaishi Dodoma hajawahi kutoa hata mia? (Mpangaji)

Kwa sababu njia unapita wewe, yeye yuko Dodoma anakanyaga lami. Ila una hoja nusu. Kifusi na mtaro vinampandishia yeye thamani ya nyumba, so mpigie, mtumie picha, mwambie mchango wa mtaa ni kiasi hiki, natoa mimi unanikata kwenye kodi, akikubali akubali kwa maandishi hata kwa meseji. Wengi wanakubali ukiwatumia picha ya gari la mpangaji limezama.

Na asikudanganye mtu kwamba mpangaji hana sauti. Ule unaitwa mkutano wa wakazi wa mtaa, mkazi ukiwa na miaka 18 unaingia na unaongea, haujaandikwa mkutano wa wenye hati.

Anko shikamoo, mimi kocha wa timu ya vijana hapa Temeke, tuna kiwanja ila kimeanza kuliwa na mabanda upande mmoja na upande mwingine watu wanamwaga taka. Vijana nikiwaambia tufanye usafi wanasema wamekuja kucheza mpira. (Kocha)

Marahaba kocha. Hao vijana wako sio wa kwanza. Nairobi pale Mathare kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza 1987, walichofanya ni kuingiza usafi ndani ya ligi yenyewe. Ukishinda mechi unapata pointi tatu kama kawaida, timu ikikamilisha zoezi la usafi mtaani inapata pointi sita. Sita! Yaani timu inaweza kufungwa uwanjani ikapanda kwenye msimamo kwa mafagio. Vijana wa Mathare wamezoa taka miaka na miaka na wala hakuna aliyewahubiria mazingira, na kuna waliotokea pale wakafika mbali kwenye mpira. Wewe kama una ligi ya mchangani na timu kadhaa kaeni makocha mkubaliane pointi zenu, na awepo mtu wa nje wa kuhakiki usafi umefanyika kweli, maana watapiga picha wameshika mafagio na kuondoka.

Mabanda ni suala jingine na usilichelewe. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kiwanja kimeandikwaje kwenye ramani ya mipango miji, kama ni eneo la wazi mna pa kusimamia, kama mtaa wenu haujapimwa mtahitaji mkutano wa mtaa ukitambue kwa muhtasari ulioandikwa. Usibomoe banda la mtu. Mama muuza chipsi aliyepo hapo mshirikisheni, mpeni upande wake mmoja unaojulikana, awe jicho lenu saa ambazo hamchezi. Na kiwanja kinachochezewa kila siku hakivamiwi kirahisi, kwahiyo saa za asubuhi wapeni wasichana wa netiboli au shule ya jirani.

Anko, sisi vijana sita tunataka kuanzisha kuzoa taka nyumba kwa nyumba. Tumesikia kuna mikopo ya halmashauri, tunataka tununue guta la mota. Tunaanzia wapi? (Vijana wa Kigamboni)

Mikopo ipo, ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya, so msifuate maelekezo ya mtu aliyekopa zamani, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na kikundi kilichosajiliwa, katiba na akaunti ya benki. Ila haina riba haimaanishi ni zawadi, wengi walichukua wakagawana.

Kabla ya fomu ulizeni kata yenu ina mkandarasi wa taka? Kama yupo, mkiingia kichwa kichwa mtagombana naye na yeye ana mkataba. Muombeni vichochoro ambavyo gari lake halifiki, mara nyingi anafurahi kuwapa. Na nendeni mkatembelee Bonyokwa, kule Ilala, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakusanyaji taka mpaka wakawa na ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba na taka zinatenganishwa, za jikoni mbali na plastiki. Hapo ndo penye hela yenu kwa sababu taka za jikoni ndo nzito, ukizitoa pembeni zikawa mboji, safari za dampo zinapungua na mafuta nayo.

Guta la mota msinunue sasa. Kodini la kusukuma, chukueni kaya thelathini za mtaa mmoja, mkusanye ada miezi mitatu mkiandika nani kalipa na nani kapiga chenga. Hilo daftari mkalipeleke pamoja na maombi ya mkopo, na pia litawaonyesha kama mnaelewana nyie sita, maana kwenye saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu mkiwa na funza wa maganda ya maembe ndo mtajua nani yupo kwenye kikundi.