Mashine hupima akili au ubongo?

Swali: Nasomea ualimu. Kwenye insha niliandika, "Wanasaikolojia humvalisha mtu kofia ya EEG ili kupima akili yake." Nasema ile kofia yenye vyuma vidogo vya kunasa umeme kichwani. Mwalimu amekata "akili" akaandika "ubongo". Si kitu kimoja?

Jibu: Si kimoja, na mwalimu amekata panapostahili. Ubongo ni kiungo, hupata damu na huweza kuumia. Akili ni uwezo wa kufikiri, kuelewa na kukumbuka. Mitaani tunayachanganya maneno haya, na ndiko lilikotoka jina la Bongo: Dar es Salaam huwezi kuishi bila kutumia bongo zako. Lakini ukiandika saikolojia, mchanganyiko huo unaharibu habari yenyewe.

Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa ambaye karibu kila alichoulizwa alijibu "tan". Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hapo kilichochunguzwa ni ubongo. Mwaka 1905, Paris hiyohiyo, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwapa watoto kuona wanaelewa kiasi gani. Hao walipima akili, na hakuna kichwa kilichoguswa. Hata mshtakiwa anayepelekwa "kupimwa akili" huhojiwa na daktari, kwa hiyo msemo huo wa mahakamani uko sawa.

Sasa kofia yako. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyenasa kwa mara ya kwanza, mwaka 1924, mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu kwa vyuma vilivyowekwa kichwani. Kinachopimwa ni umeme. Mtafiti huuangalia, kisha yeye ndiye anayekisia akili inafanya nini. MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inapotumika katika utafiti wa namna hii nayo hufuatilia damu inavyoongezeka kwenye sehemu za ubongo zinazofanya kazi.

"Kupima ubongo" alikoandika mwalimu kunakubalika, kama tunavyosema "kupima damu" tukikusudia kilichomo ndani yake. Mimi ningekwenda hatua moja mbele: "Wanasaikolojia humvalisha mtu kofia ya EEG ili kupima umeme wa ubongo wake anapofikiri." Hapo ubongo umepata kipimo chake, na akili imebaki katika kitenzi "anapofikiri".