Mtawa aliye safarini ni mtawa bado?

SWALI: Nasoma habari za William wa Rubruck, aliyekwenda kwa Wamongolia karne ya 13. Mwandishi anamwita "mmonaki" ukurasa huu, "mtawa" ukurasa wa pili. Bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, anasema kutawa ni kukaa ndani. Sasa mtu aliyevuka nusu ya dunia ataitwaje mtawa?

JIBU: Bibi yako yuko sahihi, na asikubali kusahihishwa. Kutawa ni kukaa ndani usitoke. Pwani, mwanamke akisemwa ametawa, humwoni barazani wala sokoni. Mume akimzuia asitoke, amemtawisha. Neno hilo hilo likamfuata mcha Mungu aliyejitenga na mambo ya dunia, kisha likawachukua wenye nadhiri Kanisani. Hapo kilichofungwa si mlango tena. Mtawa amejifunga kwa ufukara, useja na utii, na nadhiri hizo anatembea nazo. Sista anayepanda pikipiki kwenda zahanati ni mtawa huko huko barabarani.

Mmonaki ni habari nyingine, na hapo ndipo mwandishi wako alipoteleza. Huyo ni mtawa wa monasteri, kama Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda: ameahidi kudumu na jumuiya moja. William alikuwa Mfransisko, wa shirika lililoanza 1209 likiwa la watu wa njiani, wahubiri wanaoishi kwa kuomba. Kila mmonaki ni mtawa, lakini si kila mtawa ni mmonaki.

Yeye mwenyewe alijiitaje? Katika barua ndefu ya Kilatini aliyomwandikia Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, anajitaja kuwa frater, yaani ndugu, na mdogo kuliko wote katika shirika la Ndugu Wadogo, ndio hao Wafransisko. Napenda sana jinsi Kiswahili kinavyoipokea sentensi hiyo bila kuongeza wala kupunguza kitu. Naye hakuwa mdogo wa maneno tu. Baada ya kupanda farasi miezi mitatu na zaidi kutoka kambi ya Batu, mtawala wa Wamongolia wa magharibi, alifika kwa Möngke Khan, mtawala mkuu wa Wamongolia wote, mwishoni mwa Desemba 1253, akaenda kumwona pekupeku kama desturi ya shirika lake. Watu wakamkodolea macho. Haukupita muda ncha za vidole vyake vya miguu zikaganda kwa baridi, ikabidi avae viatu.

Umuhimu wa kuchagua neno utauona zaidi ukifika Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia. William alikuta huko mahekalu 12, misikiti miwili na kanisa moja. Anawaeleza Wabudha walionyoa vichwa, wenye mavazi ya njano, wasiooa, wanaoishi 100 au 200 pamoja, kila mmoja na tasbihi yake mkononi. Hawa waite watawa wa Kibudha, na kwa kuwa wanakaa pamoja hata "wamonaki" inawafaa. "Mapadre wa Kibudha", ninalolikuta mara kwa mara, silikubali: padre ni daraja la Kanisa, na anayelisoma atadhani wanaadhimisha misa. Mwezi Mei 1254, Khan alipowakutanisha Wakristo, Waislamu na Wabudha wajadiliane juu ya dini zao, aliweka waandishi watatu wawe waamuzi, mmoja wa kila upande. Habari kama hiyo haieleweki mfasiri akiwavika wote majina ya kanisa moja.

Kuna mmoja ambaye neno mtawa ningemwekea alama za kunukuu. Ni Sergius, Mwarmenia aliyekuwa akiheshimiwa pale kambini, aliyedai kwamba Mungu alimtokea akiwa anaishi peke yake huko upande wa Yerusalemu. William aliishi naye, akamheshimu kama mkubwa wake, kisha akagundua kwamba kwao alikuwa mfumaji nguo na hana daraja lolote.

Kwa hiyo kwa William andika "mtawa Mfransisko", au "Ndugu William". La pili ndilo ambalo yeye mwenyewe angeliitikia.