Kuhamisha HTTPS kutoka poti 443 hakuifichi seva

SWALI: Fundi aliyenisaidia kuandaa seva ya Linux alihamisha HTTPS kutoka poti 443 (poti ni namba ya mlango ambao huduma husikilizia) hadi 48443, akafunga na poti 80 (ya HTTP ya kawaida) kabisa, akisema wadukuzi hawataiona. Tangu hapo baadhi ya wateja walio maofisini hawawezi kuifungua tovuti, na juzi cheti cha Let's Encrypt (mtoaji wa vyeti vya HTTPS) kimegoma kujihuisha. Je, nichague poti ipi iliyo salama zaidi?

JIBU: Rudisha 443 na ufungue 80. Matatizo yako yote mawili yameletwa na uhamisho huo.

Mitandao mingi ya ofisi huruhusu watumiaji kutoka kwenda poti 80 na 443 tu. Ombi la kwenda 48443 hufia njiani bila ujumbe wowote wa maana, mteja akabaki kutazama duara likizunguka. Kuhusu cheti, Let's Encrypt huhakiki umiliki wa jina kwa kugonga poti 80 (njia ya HTTP-01) au 443 (TLS-ALPN-01), na huwezi kuielekeza ianze kwenye poti nyingine. Ukizifunga zote mbili, unabakiwa na DNS-01, ya kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS ya jina lako. Poti 80 iachie kazi mbili: kujibu uhakiki huo, na kumpeleka kila mgeni kwenye https kwa jibu la 301.

Kuhusu hilo la "hawataiona", fundi wa namna hii huwa na onyesho lake. Anaendesha nmap, programu ya kukagua poti zilizo wazi, mbele ya mteja, poti haitokei, mteja anaridhika. Asichosema ni kwamba nmap isipopewa maelekezo hukagua poti 1,000 tu, zile zinazotumika sana. Mwambie arudie kwa `nmap -p- -sV`, izipitie zote 65,535. Itaikuta 48443 na kukuambia ni huduma gani inayosikiliza hapo, kwa kuwa seva inayoongea TLS (usimbaji unaotumiwa na HTTPS) hujitambulisha mara tu inaposalimiwa. Tena jina la tovuti yako liliandikwa kwenye kumbukumbu za wazi za vyeti siku ile ile cheti kilipotolewa, na yeyote anaweza kuzisoma. Umejificha nyuma ya pazia huku jina lako limebandikwa ukutani.

Kibaya zaidi, namba aliyokuchagulia imekupunguzia ulinzi. Kwa kawaida Linux huzuia poti zilizo chini ya 1024 zisifunguliwe na mtumiaji asiye na ruhusa maalumu. Huduma yako ikianguka ikiwa kwenye 48443, mtumiaji yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza kuikalia poti hiyo kabla haijarudi. Isitoshe, 48443 imo katika 32768 hadi 60999, fungu ambalo Linux hulitumia kwa miunganisho yake ya kutoka. Siku moja utawasha huduma ukaambiwa anwani tayari inatumika, na utahangaika kumtafuta mchawi.

Kinachoilinda HTTPS ni TLS 1.2 au 1.3 pekee (1.0 na 1.1 zizime), ufunguo wa siri usiosomwa na kila mtu, na programu zilizosasishwa.

Ninachowaomba wote waliouziwa dawa hii ni kwamba, mkiwa mmeshughulika kuficha mlango wa mbele, mkague ya uani. Andika `sudo ss -tlnp` usome safu ya anwani. Ukiona `0.0.0.0:3306`, `0.0.0.0:5432` au `0.0.0.0:6379`, basi hifadhidata yako, yaani MySQL, PostgreSQL au Redis, inasikiliza kwenye kila anwani ya seva, ikiwemo ya intaneti. Iwekee isikilize kwenye `127.0.0.1` tu, anwani ya ndani ya seva yenyewe. Programu yako ya ndani, tuseme iko kwenye 3000, nayo ikae hapo hapo, nginx (programu ya seva ya wavuti) ndiyo ipokee wageni kwenye 443 na kuwapitisha.

Mnaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena, mwe waangalifu mara mbili. Ukiandika `-p 3000:3000`, Docker huweka kanuni zake zinazoipita ufw (ukuta wa moto wa Linux), kwa hiyo ufw itakuambia poti imefungwa ilhali iko wazi. Andika `-p 127.0.0.1:3000:3000`, kisha jaribu kuifungua ukiwa kwenye kompyuta nyingine, nje ya mtandao wa seva.