Je, mbio zitafidia alama za darasani?

SWALI: Mwanangu anakimbia mita 5,000 na KCSE amepata C+. Kocha wa chuo kikuu kimoja cha Marekani amemwambia nafasi ipo. Kasi yake inatosha kumwingiza? – Mzazi, Eldoret

JIBU: Haitoshi, mzazi wetu. Ahadi ya kocha si barua ya udahili, na hapo ndipo vijana wengi huumia.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo. Kwa Divisheni ya Kwanza, yaani daraja lake la juu la mashindano, hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Mtihani wa SAT, ambao vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji, NCAA iliufuta katika masharti yake mwaka 2023. Mlango wa pili ni chuo chenyewe, ambacho kinaweza kudai alama za juu zaidi, na hata SAT hiyohiyo.

Kwa hiyo mwambie kocha aiombe ofisi ya udahili ipitie matokeo ya mwanao mapema, kabla hamjalipia viza wala tiketi. Fungueni akaunti NCAA sasa. Matokeo yake rasmi yatahitajika.

Vyuo 8 vya Ivy League, kama Harvard na Yale, havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Msaada hutegemea uwezo wa familia.

Akishaingia, asilegee. Asipofaulu angalau krediti 6 (vipimo vya uzito wa masomo ya chuo) kwa muhula, muhula unaofuata hakimbii, hata awe bingwa. Mazoezi na safari za mashindano hula muda wa kusoma, basi kocha aeleze mapema chuo kina walimu gani wa kuwasaidia wanamichezo.