Mwiba wa Camorr na tapeli wa Chicago

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni riwaya gani ya fantasia uliyoirudia kuisoma, na mjanja wake anakukumbusha mhusika gani wa filamu? Langu ni The Lies of Locke Lamora ya Scott Lynch, iliyotoka mwaka 2006. Ambaye hajaisoma na anakusudia kuisoma aishie hapa, kwa sababu siwezi kujibu bila kugusa mambo ya mwishoni.

Mtu akisikia habari za mwizi mwenye ulimi mtamu katika jiji la mifereji na meli, haraka humfikiria Jack Sparrow. Tangu filamu ile ya kwanza ya Pirates of the Caribbean ya mwaka 2003, Sparrow, yule haramia, amekuwa kipimo cha kila ayari. Anaingia bandarini amesimama juu ya mlingoti wa mashua inayozama, na maji yakikaribia kuimeza yote, yeye anakanyaga gatini kana kwamba ndivyo alivyopanga. Ni tukio la kupendeza sana. Lakini mwondoe Johnny Depp anayemwigiza, uondoe wanja na ule mwendo wa kuyumbayumba, uone kinachobaki. Han Solo naye ni hivyohivyo: mwaka 1977, katika Star Wars, Harrison Ford aliyemwigiza alitabasamu upande mmoja, nasi tukawa tumeshamsamehe hata kabla hajarudi kuwaokoa wenzake. Wajanja wa filamu wanasamehewa kwa sababu ya nyuso zao.

Locke, mwizi wa riwaya hii, hana uso wa namna hiyo. Kimo chake ni cha kawaida, umbo ni la kawaida, na sura yake si nzuri wala haikai kichwani. Lynch amelifanya hilo makusudi, maana mitaani Camorr, jiji anamoishi, kuna hadithi za mtu aitwaye Mwiba wa Camorr: bingwa wa upanga, asiyekamatika, anayewaibia matajiri na kuwagawia maskini. Huyo ni Robin Hood wa Errol Flynn wa mwaka 1938, mtupu. Mwiba mwenyewe ni Locke, asiyejua kupigana, na maskini hawapati hata sarafu moja katika anachoiba. Fedha zinalundikana tu chini ya hekalu anamoishi na wenzake, wakijifanya makuhani. Yaani jiji zima linamwota staa wa sinema, na mtu halisi anapita katikati yao bila kutazamwa mara mbili. Katika usomaji wa kwanza jambo hili lilinipita kama kichekesho. Niliporudia, nililiona kuwa ndilo linaloshikilia kitabu kizima.

Utazameni utapeli wanaomfanyia bwana tajiri, Don Lorenzo Salvara. Locke anajifanya Lukas Fehrwight, mfanyabiashara wa nchi nyingine anayetafuta mfadhili wa kumsaidia kuokoa brandi adimu kabla vita haijaifikia. Kwanza anapanga akabwe koo uchochoroni na wenzake, ili Don apite na kumwokoa, maana ni vigumu kumshuku mtu uliyemwokoa kwa mikono yako mwenyewe. Fedha zinaanza kutoka. Kisha usiku, Locke huyohuyo, amebadili sura na sauti, anaingia nyumbani kwa Don akijiita afisa wa polisi wa siri wa mtawala, na kumweleza ukweli mtupu: huyo Fehrwight ni tapeli. Ila tafadhali endelea kumpa fedha, tusije tukamshtua kabla hatujamkamata.

Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Safari hii nilimtazama Don. Si mpumbavu. Ni mtu muungwana, anashukuru kwa kuonywa, na anaendelea kulipa kwa sababu anaamini anaitumikia serikali. Ni mtego wa Abunuwasi na sufuria ya jirani: alipoirudisha na kisufuria ndani akisema imezaa, jirani alipokea bila neno, na siku ya kuambiwa imekufa hakuwa na pa kushika, kwa kuwa uongo ule alishaukubali ulipomfaa. Tofauti ni kwamba Abunuwasi alimnasa jirani kwa tamaa. Locke anaanza na tamaa, halafu anamalizia kwa uadilifu wa mtu, na hapo ndipo ninapomwona mbaya zaidi kuliko nilivyotaka awe.

Maafisa hao bandia ndio walionipeleka kwenye jibu langu, ambalo ni Johnny Hooker, yule tapeli kijana aliyeigizwa na Robert Redford katika The Sting ya mwaka 1973. Hadithi ni ya Marekani ya mwaka 1936, hakuna uchawi wala minara ya kioo, lakini mashine ya utapeli ni ileile. Nako wanatokea maafisa bandia wa serikali, na polisi anayemwinda Hooker anawaamini kama Don alivyoamini. Tena filamu hiyo inamtapeli hata mtazamaji: tunaingizwa mjini pamoja na Lonnegan, tajiri anayetapeliwa, na ukweli tunaupata katika dakika za mwisho.

Ila mbinu peke yake isingenitosha. Hooker anaingia katika mchezo ule mkubwa kwa sababu Lonnegan ameagiza auawe Luther, mzee aliyekuwa mshirika wa Hooker. Gondorff, tapeli mkongwe aliyeigizwa na Paul Newman, anapomuuliza anachotafuta, Hooker anajibu kwamba hajui kuua kiasi cha kuweza kumuua Lonnegan. Basi atamtapeli. Locke ni huyohuyo. Wenzake Calo, Galdo na kijana Bug wanapouawa, hana upanga wa kulipiza. Ana uongo tu. Hata anapokabiliana na adui yake mwishoni, akiwa anavuja damu na amezidiwa, silaha inayomwokoa ni kumfanya yule mtu aamini kwamba Jean, rafiki yake mpiganaji, amefika. Jean hayupo.

Na fedha je? Hooker anakataa mgawo wake na kuondoka. Locke anafanya zaidi ya hapo: anahakikisha meli yenye utajiri wa adui inazamishwa, hazina yote iende chini ya maji iwe sadaka kwa wenzake waliokufa. Niambieni kama Sparrow angeweza kufanya hivyo. Mimi simwoni.

Mahali riwaya inapoishinda filamu ni katika marehemu wenyewe. Luther tunakaa naye muda mfupi tu, kisha anauawa. Lynch anakatiza hadithi yake kila mara kwa sura za utotoni: Chains, kuhani anayejifanya kipofu, akiwafundisha watoto wake kupika, kuzungumza lugha za wageni, kuketi mezani kama mabwana. Mapacha Calo na Galdo wanabishana na kucheka humo, na hata baada ya vifo vyao sura za utotoni haziachi kuja. Katika usomaji wa pili unajua tangu mwanzo nani hatafika mwisho, kwa hiyo kila mzaha wa wale mapacha unauma. Ilinibidi nikiweke kitabu chini zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo kama kuna siku mtu ataipeleka riwaya hii kwenye skrini, namwomba asimtafute Depp mwingine, wala Redford mwingine, maana Redford naye alikuwa mzuri kupita kiasi kwa kazi hii. Amtafute mwigizaji anayeweza kukaa mbele ya Don kama Fehrwight, kisha arudi usiku kama afisa, na sisi tuliolipa kiingilio tuchukue muda kumtambua.